Maswali ya Wasomaji: Barabara ya Chini, Rironi hadi Mai Mahiu

Barua nyingi za safari hii zinahusu barabara moja fupi, ile inayoachana na njia ya Limuru pale Rironi na kushuka Bonde la Ufa.

Swali: Ramani moja inaandika A104, nyingine A8, na makanga anasema "ya chini" basi. Jina lake hasa ni lipi? — Msomaji, Uthiru

Makanga yuko sawa kuliko ramani yako ya kwanza. A104 ni namba ya zamani ya barabara kuu ya Nakuru, yaani ya juu, ipitayo Kimende, Kinale na Kinungi. Namba zilipopangwa upya mwaka 2016 ile ya juu ikawa A8, na hii ya chini sasa huitwa A8 Kusini. Barabara za daraja A ziko mikononi mwa KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, kwa hiyo ukitaka kulalamikia shimo usihangaike na ofisi ya kaunti.

Ukitoka mjini kwa Waiyaki Way unapita Kangemi, Kinoo, Gitaru, Zambezi na Muguga, kisha Rironi unashika kushoto. Mwanzoni ni mashamba ya kawaida ya Kiambu, mboga na ng'ombe wa maziwa, halafu ardhi inakatika: Longonot iko mbele, Suswa kushoto, na lami inaning'inia ubavuni mwa mlima mpaka Mai Mahiu, ambayo kwa Kikuyu ni "maji moto". Hapo wa Narok hukata kushoto na wa Naivasha hunyoosha. Kutoka Rironi hadi Mai Mahiu ni kama kilomita 25, na hadi Naivasha jumla ni 58.

Swali: Ni kweli ilijengwa na Waitaliano, na kwamba mwanamfalme wao amezikwa katika kale kakanisa ka mteremkoni? — Mwalimu, Kikuyu

La kwanza ni kweli, la pili si kweli. Italia ilipopoteza Ethiopia na Somalia mwaka 1941, Waingereza waliwaleta maelfu ya wafungwa wa kivita katika kambi za Kenya, na baadhi yao wakapewa kazi ya kuchonga njia hii ukingoni. Kakanisa hako walikajenga mwaka 1942 kwa ajili ya ibada zao. Ni kadogo kiasi kwamba waumini kumi na wawili wanakajaza. Unayemsikia akitajwa ni Duke wa Aosta, aliyekuwa makamu wa mfalme huko Ethiopia. Alifia Nairobi akiwa mfungwa tarehe 3 Machi 1942, na kaburi lake liko Nyeri.

Ukingo wenyewe ulisumbua watu zamani kabla ya hapo. Barabara ya Sclater, njia ya mikokoteni iliyoanza kukatwa mwaka 1895 kutoka Kibwezi kuelekea Ziwa Viktoria, ilibidi nayo ishuke huku. Reli ilipofika, mabehewa yaliteremshwa kwa nyaya za chuma juu ya njia ya muda hadi ile ya kudumu ilipokamilika.

Swali: Nilishuka na Probox otomatiki, tukiwa watano na mizigo. Karibu na kanisa nilisikia harufu ya kuungua, na pedali ya breki ikawa inazama kama godoro. Kesho yake fundi hakuona ubaya wowote. — Msomaji, Kawangware

Fundi hakuona kitu kwa sababu ubaya ulikwisha poa. Mafuta yako ya breki yalichemka. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubanwa kirahisi, ndiyo maana pedali inazama bila gari kushikika. Yakipoa, mapovu hurudi kuwa mafuta na pedali inakuwa ngumu tena. Kama pedali ingebaki ngumu lakini gari likawa halisimami, hapo tungelaumu brekipedi zilizopata moto kupita kiasi.

Piga hesabu. Gari la tani moja na nusu likishuka mita 500 linatoa nguvu ya kuchemsha lita 20 hivi za maji baridi. Nguvu hiyo ama inamezwa na injini na upepo, ama inaishia kwenye breki zako.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani polepole. DOT 3 mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini yakishaingia maji inaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kuongeza kidogo juu ya yaliyochakaa hakusaidii: yatolewe yote kila miaka miwili, breki za magurudumu yote manne zitolewe hewa, na lita moja itatosha na kubaki. Fuata aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, na usiruhusu DOT 5 ya silikoni iingie humo hata kama muuzaji anakuapia. Mwambie fundi apime pia brekipedi, na zikifika milimita 3 zibadilishwe.

Siku ya safari, weka gia ya chini ukiwa bado kwenye tambarare kabla ya kuanza kushuka. Kwa otomatiki ni 2 au L, au B kwa magari yaliyo nayo, na O/D (overdrive, ile gia ya juu ya mwendo kasi) izimwe. Enda 40 hadi 50 kwa saa. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa nguvu kidogo mpaka upungue kwa kilomita kumi hivi, kisha achia kabisa zipate hewa. Kinachoziunguza ni ule mguu unaopumzika juu ya pedali kilomita nzima. Nyutro usiiguse. Wanaozima injini ili waokoe petroli wanapoteza pia msaada wa breki na wa usukani, wakiwa konani.

Pedali ikizama, ipampu harakaharaka, shusha gia hatua kwa hatua, vuta breki ya mkono taratibu, kisha tafuta pa kutoka barabarani. Weka jiwe nyuma na mbele ya gurudumu usubiri nusu saa. Usimwagie diski maji, zinaweza kupinda au kupasuka.

Swali: Na sisi wa malori, mbona mshale wa presha ya hewa ya breki unashuka tukiwa katikati ya mteremko? — Dereva, Kangemi

Kwa sababu unagusagusa breki. Kila mguso unatoa hewa, na kompresa haiwahi kujaza. Gia ya chini na breki ya eksozi, ile inayobana moshi ili injini yenyewe ipunguze mwendo, ndizo za kubeba kazi. Tatizo la pili halionekani kwenye mshale: ngoma ya breki ikipata moto hupanuka, na viatu vya breki vinasafiri mbali zaidi kabla ya kuigusa. Ikiwa marekebisho ya breki ya kila gurudumu yalikuwa yamelegea tangu gereji, viatu havitafika. Angalia hilo kabla ya Rironi. Uzito nao: kikomo ni tani 8 ekseli ya usukani, tani 10 ekseli moja yenye matairi manne, na 56 kwa gari zima lenye ekseli saba.

Swali: Ule ufa mkubwa wa 2018 uliikata barabara hii? — Msomaji, Ngong

Hapana. Ulikata ile ya Mai Mahiu kwenda Narok, karibu na Suswa. Picha zilienea na maneno kwamba Afrika inapasuka kufumba na kufumbua, lakini wanajiolojia wengi walieleza kwamba mvua kubwa ilichimba majivu laini ya volkano chini ya ardhi mpaka juu pakaporomoka.

Swali: Mvua ikinyesha tupite juu au chini? — Msomaji, Kinoo

Juu kuna ukungu mzito, hasa Kinale, lakini maji hayakufuati sana. Chini, kila kijito cha ukingo kinaishia barabarani, na kikishuka kinabeba mawe na miti. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024 maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli huko Old Kijabe, kwa kuwa mfereji uliopita chini yake ulizibwa na takataka za mafuriko. Tuta lilipoachia, tope lilifagia kijiji cha Kamuchiri na kukata barabara, na makumi ya watu wakafa. Kama imenyesha tangu jioni, chukua ya juu. Ukiwa umeshaanza kushuka na ukakuta maji ya tope yanavuka lami, usipime kina kwa gari: rudi nyuma, na usiegeshe chini ya ukuta wa mlima wala juu ya kalvati.