Waranti ya spana: kabla hujanunua, uliza kama fundi wa gereji umo

Wadogo zangu mnaoingia gereji, nawaandikia hii kwa sababu naona wengi mnanunua boksi la kwanza la vifaa kwa kuangalia neno moja tu kwenye kasha. Imeandikwa waranti ya maisha, basi, hela inatoka, mtu anaondoka anajua ameshamaliza habari ya vifaa mpaka atakapozeeka. Na mimi nilianza hivohivo.

Racheti yangu ya kwanza ya nusu inchi, ule mpini wenye meno ndani wa kuzungushia soketi, yaani vikombe vya kushika nati, ilikuwa na hiyo waranti ya maisha. Siku moja niko chini ya gari navuta bolti ya shokapu ya nyuma, imeganda kwa kutu, nimeweka uzito wangu wote, ghafla nikasikia tak, meno ya ndani yameruka na ngumi yangu ikaenda moja kwa moja kwenye chesisi. Vifundo vitatu vilichunika. Sikuwa na hasira sana kwa sababu nilijua karatasi ninayo, kesho yake nikaipeleka nilikoinunua. Dada wa kaunta alikuwa mpole tu, akaizungusha mkononi, akaniuliza, "Kaka, hii unaifanyia kazi wapi?" Nikamjibu vizuri, "Gereji, dada, kila siku." Akafunua karatasi ukurasa wa pili akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja, waranti hii ni kwa matumizi ya nyumbani, matumizi ya kibiashara hayahusiki. Nikarudi na racheti yangu iliyokufa. Kile kitu kiliniuma, maana mstari ulikuwepo siku zote na mimi sikuwahi kugeuza ukurasa.

Kwa hiyo swali la kwanza sio "ina waranti ya muda gani", swali ni "mimi nimo?" Zipo kampuni zinazowakubali mafundi wa kazi wazi kabisa, tena nyingine zimeundwa kwa ajili yetu. Zipo zinazosema nyumbani tu. Na zipo ambazo karatasi imekaa kimya, hapo usijipe jibu mwenyewe. Waandikie kampuni ujumbe mfupi kabla hujanunua, "mimi ni fundi, natumia kifaa hiki kazini kila siku, kikivunjika kwa kasoro mnanibadilishia?" Jibu lao likija lihifadhi pamoja na risiti. Jibu la mdomo la muuzaji usilitegemee, sio kwamba anadanganya, ila siku utakayorudi huenda atakuwepo mtu mwingine.

Halafu lile neno maisha lenyewe. Maisha ya nani? Kwenye karatasi nyingine ni maisha ya mnunuzi wa kwanza, yaani ukinunua spana kwa fundi anayestaafu, hata kama ni nzuri kiasi gani, waranti imebaki kwake. Kwenye nyingine ni maisha ya kifaa, na wao ndo wanaoamua kifaa kama hicho kinatakiwa kiishi muda gani, kikishachakaa kwa kazi wanasema kimemaliza maisha yake. Na kama vifaa ni vya bosi, risiti ina jina la gereji, siku ukiondoka na boksi alilokupa usidhani umeondoka na waranti. Haya mambo ni ya kuuliza mapema, ukiuliza spana ikiwa imeshavunjika unakuwa kama unaomba msaada.

Sasa hata ukiwa umo, waranti karibu zote zinasimama kwenye kitu kimoja, kasoro ya chuma au ya utengenezaji. Kuchakaa kwa kawaida kuna wanaokubali na wasiokubali. Kutumia vibaya hakuna anayekubali, ingawa zipo kampuni zinazobadilisha bila kuuliza sana. Na hapa ndo vijana mnapopotea, mnadhani anayepokea kifaa kaunta hajui kitu. Kifaa kinasema chenyewe. Bisibisi iliyopigwa nyundo kichwa chake kimefunguka kama uyoga. Spana iliyochomekwa bomba ili mkono uwe mrefu inapinda, na pale mdomo wa bomba ulipokuwa umebana unabaki mkwaruzo wa duara. Kifaa kilichopitiwa na moto wa gesi kinabaki na rangi ya bluu au ya majani makavu, na hapo hata ugumu wa chuma umeshatoka, ukikisugua king'ae bado kitapinda. Spana uliyoipunguza kwa grainda ili ipite mahali pembamba ni yako mwenyewe kuanzia dakika hiyo. Sisemi msizipunguze, mimi ninazo mbili nilizozipunguza kwa kazi maalum, ila nilichagua zile za bei ya chini nikijua nimeshaziondoa kwenye waranti.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni soketi za kawaida kwenye impakti, ile mashine ya kufungulia nati kwa mapigo. Zile soketi zinazong'aa nyingi ni chuma cha kromu vanadiamu, zimetengenezwa ngumu na ukuta mwembamba, kwa mkono hazina shida. Soketi za impakti ni nyeusi, nyingi ni kromu molibdenamu, ukuta mnene, zinavumilia kugongwagongwa bila kupasuka. Ukiweka ile inayong'aa kwenye mashine inaweza kwenda wiki nzima, miezi hata, ndo maana watu wanazoea, af siku moja inapasuka na kipande kinaruka. Kampuni ikiona imepasuka na pembe za ndani zimesagika kwa mapigo ya mashine haitakubadilishia, lakini hilo ndo dogo. Jicho halina waranti ya mtu yeyote. Tafadhali sana, kama huna hela ya seti nzima nyeusi nunua nne tu za saizi unazozitumia zaidi kwenye nati za tairi, nyingine fungua kwa mkono mpaka utakapoweza.

Vitu vingine viko nje hata dukani wakiwa wakarimu. Visu vya msumeno, drili biti, tupa, ncha za bisibisi za kubadilisha, vyote hivyo wengi wanavihesabu kama vitu vya kuisha. Kupotea na kuibiwa hakumo, ile soketi ya 10 iliyodondoka kwenye injini hakuna atakayekupa nyingine. Na waranti inahusu kifaa chenyewe basi, ile bolti iliyoviringika kichwa kwa sababu ya spana mbovu, masaa uliyopoteza, mteja aliyekasirika, hivyo ni juu yako.

Toki renchi, ile ya kukaza nati kwa nguvu iliyopimwa, niiseme peke yake maana inawachanganya wengi. Unaweza kununua seti ya kampuni ileile, spana zina waranti ya maisha na toki renchi ina mwaka mmoja, hata siku 90. Na hiyo mara nyingi ni kwa kifaa kuvunjika, kupimwa upya usahihi wake ni gharama yako. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinasema kama huna utaratibu wako mwingine ulioupanga, ipimwe upya kila miezi 12 au ikishatumika mara 5,000, lolote litakalotangulia. Mara 5,000 inasikika nyingi ila kwa fundi anayefunga magurudumu kutwa, hesabu mwenyewe, gari la nati tano kila gurudumu ni mara 20, ni magari 250 tu. Kwa hiyo mtu wa nyumbani mwaka unaisha ndo anaenda kupima, wewe unaweza kuwa umeshafika ndani ya miezi michache. Ukimaliza kazi, toki renchi ya springi irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa, usiishushe chini ya hapo, na kamwe usifungulie nayo nati iliyoganda.

Kuna wanaosema sheria itawalinda. Angalieni vizuri. Uingereza sheria ya haki za mtumiaji ya mwaka 2015 inamhesabu mtumiaji kuwa ni mtu anayenunua kwa jambo ambalo lote au sehemu yake kubwa liko nje ya biashara au kazi yake, sasa wewe umenunua spana uende nayo kazini, tayari umetoka. Umoja wa Ulaya ile miaka 2 ambayo muuzaji anawajibika, kwenye agizo lao la 2019, imewekwa kwa watumiaji wa namna hiyohiyo. Marekani sheria ya waranti ya 1975, inayoitwa Magnuson-Moss, imekaa tofauti kidogo, inaangalia aina ya bidhaa kwa kawaida inatumika kwa nini, haiangalii wewe binafsi unaifanyia nini, kwa hiyo bisibisi inayonunuliwa na watu wa majumbani inahesabiwa hata ikiwa mkononi mwa fundi. Na kwa bidhaa ya zaidi ya dola 10 inalazimisha waranti ya maandishi iseme kama ni kamili au ni yenye mipaka. Ile kamili ya muda maalum haiwezi kuwekewa sharti la mnunuzi wa kwanza peke yake, yenye mipaka inaweza kuweka masharti yake. Ndo maana ukiona neno la mipaka juu ya karatasi, hiyo karatasi isome mpaka chini.

Jambo lingine ambalo mwanzoni sikulifikiria, waranti ni ahadi ya kampuni na kampuni zinabadilika. Craftsman, jina la vifaa vya mkono, ilianza 1927 chini ya Sears, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, na kwa miaka mingi mafundi Marekani walizoea kupeleka spana iliyovunjika kaunta ya Sears na kutoka na nyingine. Mwaka 2017 jina hilo likauzwa kwa kampuni ya Stanley Black & Decker, na 2018 Sears ikaomba ulinzi wa mufilisi, maduka mengi yakafungwa. Jina la Craftsman halikufa na waranti ipo, ila mlango wa kugonga ulibadilika. Ukinunua kitu cha maisha, jiulize pia nani atakuwepo kukipokea.

Upande wa pili kuna zile kampuni zinazouza kwa gari linalopita gereji kwa gereji, Snap-on ya tangu 1920, Matco, Mac Tools, Cornwell. Bei zao ziko juu na sitawaficha, wapo vijana waliozama kwenye madeni kwa kuchukua vitu kila gari likipita, msiige hilo. Lakini mkielewa kinacholipiwa mtaona kwa nini mafundi wazee wanazing'ang'ania. Hapo swali la "unaitumia wapi" halina maana, wamekuja kukuuzia ukiwa ndani ya ovaroli. Racheti ikifa unamngoja muuzaji wa lile gari na mara nyingi anakufungulia palepale anabadilisha vitu vya ndani, unaendelea na kazi. Ukihama gereji au yeye akiacha biashara, hapo ndo unaanza kutafuta nani anahudumia eneo lako.

Maana kwa fundi tatizo la kweli ni muda. Mtu wa nyumbani spana ikivunjika Jumamosi anaituma, wiki tatu zinapita hana shida. Wewe gari liko juu ya jeki, mwenyewe amekaa anasubiri. Kwa hiyo kwenye ule ujumbe wa kuwauliza ongeza na haya, nabadilishiwa papo hapo au natuma? Gharama ya kutuma ya nani? Mnataka risiti? Mnanipa mpya au iliyotengenezwa? Kama mmeacha kuitengeneza saizi hiyo mnanipa nini? Kampuni yenye waranti fupi ila inabadilisha dukani siku ileile, mimi naipa nafasi kubwa kuliko yenye maisha na mwezi wa kungoja.

Risiti zipigeni picha siku ya kununua, na kifaa kikiwa kipya kando yake. Zile karatasi za mashine zinafutika zenyewe, nimeshafungua bahasha nikakuta vikaratasi vyeupe kabisa. Jina lako ukilichonga kwenye spana usilichonge juu ya jina la kampuni au namba ya kifaa, utakuwa umefuta ushahidi wako. Na mkiulizwa mnafanyia kazi wapi semeni kweli. Kuna anayekwambia sema ni ya nyumbani, usifanye hivo, mikono yako na oili ya kwenye spana vinajieleza, na duka likishachoka kudanganywa linabana masharti kwa wote.

Kwa boksi la kuanzia, hela yenu nzuri iende kwenye vile vinavyoshikwa kila saa. Spana za kawaida na nyundo za kampuni nyingi za kati zinatosha. Racheti ndo inayokufa mapema kwa sababu ndani ina meno madogo. Ya meno 72 inashika kila digrii 5, ni tamu sana mahali pa kubana, ya 36 inataka digrii 10 ila kila jino ni nene zaidi. Hakuna kati ya hizo iliyotengenezwa kuvunja kutu. Bolti iliyoganda ianze na brekaba, ule mpini mrefu usio na meno, ikishalegea ndo unaingiza racheti. Ningelijua hilo siku ile ya shokapu nisingefika hata kaunta.

Kabla hujalipia racheti uliza pia kama vitu vya ndani vinauzwa peke yake. Ninayotumia sasa nimeshaibadilishia ndani mara mbili, kazi ya kama dakika kumi, unafungua kifuniko, unasafisha, unaweka grisi kidogo tu, unafunga. Mpini ni uleule. Ya akiba imelala droo ya chini yake, na picha za risiti zote mbili ziko kwenye simu.