Re: Daktari kaandika "# R/U lt, POP" tu, niweke kodi gani?

Waalaikumu salaam mdogo wangu, karibu kwenye kazi. Nimekufahamu suala lako: umeanza juzijuzi chumba cha rekodi huko Unguja, faili limekuja na maneno hayo hapo juu tu (# ni fraksha, yaani mfupa uliovunjika, R/U ni radiasi na alna, lt ni kushoto, POP ni plasta ngumu ya kushikiza mfupa), na mwenzako kakwambia we tia S52.9 umalize manake foleni ndefu. Kodi hapa ni ile namba ya ugonjwa au jeraha toka kitabu cha ICD-10 cha WHO, Shirika la Afya Duniani. Mi niko rekodi Pemba kwa misimu mingi ya karafuu, na msimu ukiingia mikono iliyovunjika ndo inajaa mezani kwetu. Nakwambia usitie S52.9, chukua faili umfuate daktari.

Sababu ni hii. S52 ndo fraksha zote za kigasha, toka kisugudi mpaka karibu na kiganja, na tarakimu baada ya nukta inauliza WAPI. Mifupa ni miwili, radiasi upande wa dole gumba na alna upande wa kidole cha mwisho. S52.0 ni juu ya alna kwenye ncha ya kisugudi, .1 juu ya radiasi, .2 katikati ya alna, .3 katikati ya radiasi, .4 katikati ya yote miwili, .5 chini ya radiasi, .6 chini ya yote miwili, halafu .7 na .8 kwa zile za mahala pengi na zilobaki, na .9 ni pale isipoandikwa wapi. Sasa "R/U" imekwambia mifupa ipi, haijakwambia wapi! Inaweza kuwa .4, inaweza kuwa .6, na hao ni wagonjwa wawili mbali mbali kabisa, mtu mzima aliyevunjika yote miwili katikati mara nyingi anaingia thieta kutiwa vyuma, mtoto aliyevunjika chini karibu na kiganja mara nyingi POP inamtosha akenda zake kwao. Ukiwatia wote .9 basi hata anayepanga mahitaji ya vyuma na plasta hana cha kusoma kwako, na anayehakiki madai ya bima akiona faili lina gharama za thieta na kodi inasema fraksha haijulikani iko wapi lazima ahoji.

Halafu liko la kidonda, na hapa ndo naomba usome taratibu. Kodi ina nafasi ya tarakimu moja zaidi, 0 fraksha iliyofungika, 1 fraksha ya wazi, yaani ngozi imechanika mpaka kwenye mfupa. Na sheria ya kitabu inasema isipoandikwa chochote, ihesabu iliyofungika. Kwa hiyo daktari akisahau neno moja, mfupa uliotoka nje kwenye karatasi umerudi ndani. Kuna kijana mchumaji aliletwa kwetu, tawi la mkarafuu lilimkatikia (matawi yake mepesi kukatika, wachumaji wote wanajua), karatasi ya daktari imeandikwa "# R/U lt, fell" (kaanguka) basi. Nikafungua karatasi ya muuguzi nyuma yake nikaona: kidonda sm 2 kigashani, kimesafishwa, sindano ya pepopunda kapewa. Karatasi mbili za mtu mmoja haziongei pamoja. Sikutia kodi, nilizipeleka zote mbili kwa daktari nikamuuliza tu, samahani daktari, hichi kidonda kinafika kwenye mfupa au ni cha pembeni? Akenda kumuangalia tena mgonjwa, akarudi akaandika kwa mkono wake fraksha ya wazi, katikati ya mifupa yote miwili, mkono wa kushoto, Gustilo 2 (daraja la ukubwa wa jeraha la fraksha ya wazi), akatia saini na saa. Hapo ndo ikawa S52.41. Angalia umbali uliopo baina ya hiyo na S52.9.

Na usije ukanyanyua eksirei dirishani ukasema mbona naiona mwenyewe iko chini. Hata kama unaiona. Kazi yetu ni kutia kodi ya kilichoandikwa na daktari, kusoma picha na kupima kidonda si kazi yetu, kama maneno hayatoshi tunamuuliza na yeye anaongeza kwenye faili.

Sababu ya kuumia nayo wengi wanaiacha, wallahi inaniuma sana. S52 inasema nini kimevunjika, haisemi kwa nini. Kuanguka toka juu ya mti ni W14, ikiwa shambani inakuwa W14.7, mtoto aliyeanguka mpera wa nyumbani W14.0. Bodaboda ziko V20 mpaka V29 na ndani mule dereva na abiria wanatenganishwa, kwa hiyo "ajali ya honda" peke yake haitoshi, uliza alikuwa kakaa mbele au nyuma. Sisi watu wa karafuu tukiacha kuandika W14 basi kwenye vitabu vya serikali itaonekana kama Pemba hakuna mtu anayeanguka mkarafuu, na vijana wanaanguka kila msimu.

Mengine ya kuchunga. Akiandika "# wrist" (kifundo cha mkono) usikimbilie S62, hiyo ni ya vifupa vya kifundo chenyewe, kiganja na vidole, na madaktari wengi wakisema wrist wanakusudia chini ya radiasi yaani S52.5, muulize. Pia ukitafuta kwenye intaneti utakutana na kodi ndefu mfano S52.501A, hizo za Marekani, zina kulia na kushoto ndani yake na herufi ya hudhurio mwishoni (kaja mara ya kwanza au karudi). Kodi za WHO hazina upande, kwa hiyo kulia/kushoto hakikisha imeandikwa kwa maneno.

Mgonjwa akirudi kutolewa POP ni Z47.8, kuja kutolewa chuma Z47.0. Ukimuandika S52 kila akija, mkono mmoja unahesabika mitatu. Na wale waloanzia kwa mafundi wa viungo mitaani wakaja baada ya muda mfupa umeshaunga kombo, daktari akiandika hivyo ni M84.0, si fraksha mpya.

Kwa huyo mgonjwa wako basi, muulize daktari mambo mawili tu, mfupa umevunjika katikati au chini, na ngozi nzima au imechanika mpaka kwenye mfupa. Akisema katikati na ngozi nzima ni S52.40, chini na ngozi nzima S52.60. Kisha muulize mgonjwa mwenyewe au mamaake aliumiaje utie na ile ya sababu. Daktari akiwa kwenye raundi liweke faili pembeni umsubiri, foleni isikutishe. Ukikwama tena weka hapa maneno ya daktari kama yalivyo tutazame pamoja, ila jina la mgonjwa na namba ya faili ufute kwanza.