Barua kwa mwanangu: muvi za kompyuta na uzito wa vitu

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku wazima, mamako akusalimu sana na asema simu yake ukiona yaita ushike. Meseji yako niliisoma usiku nikaona hii siwezi kuijibu kwa maneno mawili. Umeniuliza kwa nini siku ile ya Idi tulipotoka kuangalia muvi kule Nyali nilisema mji mzima umebomolewa mbele yangu na sikuhisi kitu, na kama ni hivyo basi hii kazi ya efekti za kompyuta unayosomea huko Nairobi naionaje, ya maana au ya bure.

Ina maana, hilo nianze nalo usije ukasoma barua yote roho juu. Lakini lile neno pia silirudishi, nililimaanisha.

Wajua miaka yangu yote bandarini nilikuwa juu ya kreni. Kile chumba chini ni kioo, unaangalia katikati ya miguu yako kontena laning'inia kwa waya, na likiwa limejaa, tani 25 huko, ukisimamisha ghafla lenyewe halisimami, laendelea kwenda, mpaka ulifuate kwa juu uuwahi mbembeo wake ndio litulie. Tupu lacheza vingine kabisa, upepo wa kusi ukivuma lataka kugeuka. Na likitua kwenye trela angalia matairi, yabonyea, chesisi yote yashuka halafu yapanda kidogo, na dereva kule mbele atikisika. Hayo macho yangu yameyazoea, lakini si yangu peke yangu, hata mtoto mdogo ajua gunia la mchele likianguka na mto wa kitanda ukianguka si sawa, hakuna aliyemfundisha. Sasa kwenye ile muvi steringi arushiwa basi, alidaka, alirusha, laenda kama karatasi, magoti yake hayapindi, lami chini haipasuki, mwili haurudi nyuma hata kidogo. Macho yakataa kabla akili haijasema kitu. Mara ya kwanza wasamehe, lakini ikiwa ni hivyo saa mbili nzima, mwisho wake humuogopei mtu yeyote mle ndani, afe asife.

Na usinielewe vibaya, si kwamba nataka turudi kwa muvi za zamani. Hiyo kompyuta yenyewe ndiyo iliyonifanya nishike kiti nilipoona Jurassic Park, ya 1993, wewe hata hujazaliwa. Lakini angalia walivyoitumia. Muvi ni saa mbili na zaidi, madinosau yaonekana kama dakika 15 tu, na za kompyuta ndani ya hizo hazifiki hata nusu. Yule mkubwa kuna mahali ni kompyuta, kuna mahali ni mashine kamili iliyoundwa na kina Stan Winston, wale mafundi wa madude ya sinema, ya tani kadhaa, na ile mvua ya usiku iliilowesha ngozi ya povu mpaka mashine ikawa yatetemeka yenyewe, watu ikabidi waikaushe kila mara. Na kabla hujamuona waona nini? Maji kwenye glasi, ndani ya gari, yafanya viduara. Mnyama bado hayupo na ushajua ni mzito kiasi gani. Wajua walifanyaje? Walifunga waya wa gita chini ya pale glasi ilipokaa, mtu akaupiga. Basi. Mimi naona hiyo ndiyo efekti bora kwenye muvi nzima na haikuhitaji kompyuta hata ya kuwashia taa.

Wenzako watakwambia ah, baba yako hajui, muvi zote sasa ni kompyuta hata zile zinazosifiwa kwa kutotumia. Kweli, na mimi nakubali. Mad Max: Fury Road, ile ya 2015 iliyopigwa jangwani Namibia, watu waimba ati kila kitu ni halisi, kumbe ina shoti, yaani vipande vya picha, kama 2000 zilizopita kwenye kompyuta, ile dhoruba ya mchanga ni ya kompyuta, mkono wa muigizaji Charlize Theron, aliyeigiza mtu asiye na mkono mmoja, ulifutwa kwa kompyuta. Lakini magari yenyewe yalikuwa yaenda kweli, yabingirika kweli, na wale vijana juu ya milingoti yenye kuyumba walikuwa pale kweli na gari liko mwendo. Kompyuta ikaja juu ya kitu ambacho tayari kina uzito. Ndio maana sisemi idadi ya shoti ni nyingi au chache, nauliza chini yake kuna nini.

Sasa kinachoniudhi, na hapa nasema kwa uchungu, ni kule kutoamua. Zamani ukitaka kuvunja daraja walivunja mara moja, kwa hivyo watu walikaa wakafikiria kamera iko wapi, jua liko wapi, nani asimama wapi. Siku hizi muigizaji asimamishwa mbele ya kitambaa cha kijani aambiwe ogopa, aogope nini hajui maskini, mengine tutaweka baadaye. Na hiyo baadaye ndiyo nyinyi. Mwaka 2019 ile muvi ya Cats ilitolewa kwenye kumbi za sinema kazi haijaisha, kuna mahali mkono wa muigizaji Judi Dench, aliyeigiza paka, waonekana mkono wa binadamu na pete yake, wakatuma nakala nyingine iliyorekebishwa muvi ishaanza kuonyeshwa! Watu wakawacheka mafundi. Mimi sikucheka, maana fundi hakupewa muda, na aliyepanga tarehe hakuchekwa na mtu.

Halafu chukua Wajapani. Godzilla Minus One ya 2023, bajeti chini ya dola milioni 15, mafundi 35, shoti 610, na 2024 wakachukua Oscar ya efekti mbele ya muvi za mamilioni kwa mamilioni. Takashi Yamazaki aliiongoza muvi na efekti akazisimamia yeye mwenyewe, kwa hivyo fundi akiwa na swali bosi yuko pale pale, hapana, ndiyo, sogeza, imekwisha, hakuna kusubiri mkubwa wa mkubwa abadilishe mawazo wiki ya mwisho. Ile sehemu lile dude lawafukuza baharini kwenye mashua ndogo ya mbao niliirudia sana, maji yapanda vile maji yapandavyo, na sisi watu wa pwani hapo hutudanganyi.

Kwa hivyo mwanangu, hilo unalosomea ni la maana sana, ila jifunze kwa vitu kabla ya kujifunza kwa skrini. Ukija likizo twende Changamwe tukasimame nje ya yadi za kontena, upige video malori yakipita matutani, yaliyojaa na matupu, simu yako yatosha, piga chini upande wa matairi. Nenda na feri Likoni uone inavyokaa gari zikiingia upande mmoja.

Na jambo la mwisho, hili ni la pesa. Kwenye muvi ya Life of Pi yule chui milia sehemu kubwa ni kompyuta, na hata mimi niliamini kwamba amelowa na ana njaa. Rhythm & Hues waliomtengeneza walifilisika Februari 2013, siku chache tu kabla kazi hiyo hiyo kushinda Oscar, na aliyepokea alipoanza kuitaja shida ya kampuni maikrofoni ikazimwa. Hizi kazi wakubwa wao wazilipia kwa bei moja iliyokatwa mapema, halafu mabadiliko yaja juu ya mabadiliko na fundi ndiye abebaye. Kwa hivyo lile tangazo ulilosema umeitiwa, kabla hujasaini waulize marekebisho ni mara ngapi, na yakizidi nani alipa, na wakuandikie. Wakikwambia hayo tutaongea baadaye, nipigie mimi kwanza.

Babako