Kupimwa saratani ya mlango wa kizazi: jibu kwa aliyeuliza kuhusu dada yake wa Chikongola

Ndugu yangu, umeuliza iwapo dada yako mwenye miaka 38, anayekaanga na kuuza samaki pale Chikongola, ana haja ya kupimwa saratani ya mlango wa kizazi ilhali haumwi popote. Anayo, kwa kuwa virusi vya papiloma vinavyoileta huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote, na damu inapoanza kutoka baada ya tendo la ndoa, mara nyingi ugonjwa umeshakomaa.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Mtwara mjini, na kwa ninavyoona, kinachowarudisha nyuma kina mama wa uswahilini ni stara kuliko kutokujua. Katika kituo kimoja pazia lilikuwa halifiki chini na mlango ukifunguliwa kila mara. Waliokuwa kwenye foleni waliondoka mmoja mmoja, kila mtu na udhuru wake. Matangazo ya kipaza sauti, kwa maoni yangu, hayakusaidia kitu. Aliyetusaidia ni kungwi mmoja aliyewacheza unyago wengi wa mtaani kwetu: alipimwa yeye kwanza, akatoka akiwasimulia wenzake kila hatua, wakamwamini.

Kipimo chenyewe ni kifupi. Muuguzi huingiza kifaa cha kufungulia njia, hupaka siki iliyopunguzwa makali kwa pamba, kisha husubiri kama dakika moja. Penye mabadiliko hugeuka peupe. Majibu hutolewa hapo hapo, na weupe huo si lazima uwe saratani. Madoa madogo huweza kutibiwa siku hiyo hiyo kwa baridi kali au joto, jambo linalomfaa mtu ambaye akikosa kwenda feri kuchukua samaki alfajiri amekosa riziki ya siku nzima. Asishtuke majimaji yakimtoka wiki kadhaa baada ya tiba, ila akae mbali na tendo la ndoa kwa muda wa mwezi mmoja. Anayeishi na VVU hutakiwa kupimwa mara nyingi zaidi, kwa kawaida kila mwaka.

Kama ana binti wa miaka 9 hadi 14, aulizie pia chanjo ya kukinga virusi hivyo vya papiloma, ambayo tangu 2024 ni dozi moja tu.

Asiende akiwa katika siku zake, na achukue kanga ya ziada, maana si kila kituo kina shuka la kumfunika.