Mdogo wangu wa Kondoa, usiache kisahani

Mbukwenyi wasomaji wangu.

Juzi usiku niliandikiwa na binti wa kidato cha tatu kutoka Kondoa. Anasema: "Dada, mwalimu ananiambia nihamie mita 800, eti Tanzania hakuna anayefika mbali kwa kurusha kisahani. Nifanyeje?" Niliusoma ujumbe ule mara tatu na usingizi ukaruka. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi nikiwa na umri wake, na mpaka leo yananiuma.

Shuleni kwetu, Chamwino, kisahani kilikuwa kimoja: cha mbao, ukingo wa chuma, kimepasuka ubavuni na kufungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Duara tulichora wenyewe. Unapigilia kigingi katikati, unafunga kamba ya katani ya mita 1.25, unazunguka huku mwenzako anamwaga majivu. Ukipima upande hadi upande unapata mita 2.50, sawasawa na duara la Olimpiki. Shida ilikuwa udongo. Mrushaji anazunguka mara moja na nusu juu ya vidole vya mguu, na kwenye mchanga wetu mguu unachimba shimo badala ya kuzunguka. Baba mdogo ni fundi mwashi. Siku moja alibakiwa na saruji ya kazi ya watu, akaomba asirudi nayo bure, akanimwagia sakafu nyuma ya banda la mbuzi. Ninachokijua chote nilikijulia pale.

Nilikuwa bingwa wa mkoa kwa wasichana kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, miaka miwili mfululizo. Nalisema wazi, maana nililitolea jasho.

Kisha ikaja safari ya mashindano nje ya mkoa. Jina langu lilikuwa kwenye orodha. Jioni ya mwisho kiongozi mmoja akalikata, akasema nafasi ni chache, bora wapewe wakimbiaji. Suruali yangu ya michezo nilikuwa nimeshaifua na kuianika kwenye uzio wa minyaa. Asubuhi mama aliiona bado inaning'inia pale, akajua. Hakuniuliza neno. Aliianua, akaikunja, akaiweka chini ya mto wangu.

Mwaka uliofuata nikapelekwa, nami nikaenda na hasira zangu zote. Nilitaka yule mtu asikie jina langu huko aliko. Rusho la kwanza lilipiga wavu unaozunguka duara. La pili nikakanyaga nje ya duara. La tatu likaenda mbali kweli, watu wakapiga kelele, lakini liliangukia nje ya mistari ya eneo la kuangukia kisahani. Ukikosa rusho halali katika matatu ya mwanzo huingii kwenye wale wanane wanaoongezewa matatu mengine. Nilikaa kwenye nyasi nimeshika raba mkononi, nikiangalia wasichana niliowazidi wakiendelea kurusha.

Sasa sikiliza, mdogo wangu, kwa sababu hili ndilo ninalotaka ulishike. Hasira hukaa mkononi, na kisahani hurushwa kwa miguu. Mguu unatangulia, nyonga inafuata, kifua kinafuata, mkono unaburutwa nyuma kama mkia. Kisahani kikitoka vizuri, cha mwisho kukigusa ni kidole cha shahada. Ndiyo maana ngozi ya kidole hicho huchubuka na baadaye kuwa sugu. Mkono ukiwahi, umeua rusho. Mama yangu anapiga muheme, ngoma ya Wagogo, na yeye ndiye aliyenielewesha bila kujua riadha: ngoma inaanza chini, taratibu, na kasi inakuja mwishoni. Nyuma ya duara taratibu, mbele ya duara kasi. Miguu kwanza. Nitalirudia mpaka unichoke: miguu kwanza.

Na usidanganywe kwamba huku kwetu hakuna kitu. Upepo tunao! Upepo wa mbele hukibeba kisahani kama bawa, kikaelea mbali zaidi. Rekodi ya dunia ya wanaume, mita 74.08 ya Jürgen Schult, ilidumu tangu 1986 hadi 2024, na Mykolas Alekna wa Lithuania alipoivunja kwa mita 74.35 alikuwa Ramona, Oklahoma, tambarare yenye upepo mkali. Mwaka 2025 akarudi pale pale, akafikisha mita 75.56. Niliposoma habari hizo niliinua macho nikautazama upepo wa Dodoma unavyotikisa mabati ya jirani. Sisi tunaufungia madirisha kwa sababu ya vumbi. Simama ukabiliane nao.

Huyo huyo Alekna, kwenye Olimpiki ya Paris 2024, aliongoza kwa mita 69.97. Roje Stona wa Jamaika, nchi ambayo kila mtu anaijua kwa mbio, akarusha 70.00 kamili na kuchukua dhahabu. Sentimita 3! Mwambie mwalimu wako kwamba Wajamaika nao wangeweza kumhamishia yule kijana kwenye mbio.

Hapa kwetu kila mtoto anamjua John Stephen Akhwari, aliyemaliza mbio ndefu za Olimpiki ya Mexico 1968 wa mwisho, mguu umefungwa bendeji. Ninamheshimu mno. Lakini katika michezo ile ile Al Oerter wa Marekani alichukua dhahabu yake ya nne mfululizo ya kisahani, baada ya 1956, 1960 na 1964, na ile ya 1964 aliipata akiwa ameumia mbavu. Mara zote nne aliweka rekodi ya Olimpiki. Kwa nini jina lake sikulisikia shuleni hata siku moja? Tunawalea watoto wakijua kukimbia tu, halafu tunawaambia huko kwingine hakuna njia.

Kwa hiyo usimjibu mwalimu vibaya. Mkimbilie hizo mita 800 akitaka, zitakupa pumzi. Lakini kila jioni zunguka mara hamsini mkono mtupu, bila kisahani, kichwa kimetulia. Tafuta sehemu ngumu, hata baraza la darasa.

Likizo ya Juni ukija huku, niandikie mapema. Sakafu ya baba mdogo ipo bado. Ina ufa upande wa kushoto, nitakuonyesha pa kukanyaga.