Binti yangu anahesabu vidonge vya baba yake

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mume wangu aliumia mgongo miaka 2 iliyopita. Daktari akamwandikia tramadol ya maumivu, baadaye diazepam ya kulegeza misuli na kumpa usingizi. Mgongo ulipona, vidonge vikabaki. Sasa anazunguka kwa madaktari watatu, hakuna anayejua habari za mwenzake. Pesa ya ada imeshapotea mara mbili. Nikimuuliza, ananijibu: "Hizi ni dawa za hospitali, mimi si teja." Kazini kwake nimepiga simu za "ana homa" mpaka naona haya. Juzi nimegundua binti yetu wa miaka 9 ana daftari. Kila asubuhi kabla ya shule anahesabu vidonge kwenye droo na kuandika idadi. Anasema vikikaribia kuisha baba huwa mkali, kwa hiyo anataka kujua mapema. Jumamosi mume wangu hatakuwepo. Nataka kuvimwaga vyote chooni. Nitakuwa nimekosea?
Mama Daftari

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usivimwage.

Nakukataza kwa sababu mimi niliwahi kuvimwaga. Mama yangu mzazi alitumia diazepam miaka 11, na nyingi kati ya hizo nilimpelekea mimi, binti yake mfamasia, nikijiambia ni za usingizi tu, mama amezeeka. Siku nilipogundua chupa ya mwezi inaisha kwa siku 12, nilipandwa na hasira nikaitupa. Siku mbili za kwanza hakulala. Kisha mikono ikaanza kutetemeka hata kikombe hakishikiki. Siku ya sita akaanguka jikoni kama mwenye kifafa, akajiuma ulimi. Na mimi nilikuwa nimeyasoma hayo yote chuoni, nikafaulu na mtihani!

Diazepam hutuliza ubongo, na ubongo uliozoea kutulizwa kila siku hupunguza utulivu wake wenyewe. Ukiikata ghafla, unabaki hauna cha kuuzuia. Ndiyo maana kifafa huja, na watu hufa. Tramadol nayo ina arosto yake, yaani mateso ya mwili ukiikosa dawa uliyoizoea: jasho, miayo isiyokoma, kuharisha, vinyweleo kusimama, maumivu ya mwili mzima. Hiyo hutesa sana ingawa kwa kawaida haiui, ila tramadol yenyewe ikizidishwa huweza kuleta kifafa. Kwa hiyo mume wako ana mbili ndani ya mwili mmoja, na zote mbili hupunguza kasi ya pumzi. Akiongeza pombe, ni tatu. Ukimkuta anakoroma kwa kukwamakwama, midomo imebadilika rangi na haamki ukimtikisa, usimwache "alale itoke". Ita msaada wa dharura hapo hapo, umlaze ubavu. Dawa ya dharura iitwayo naloksoni huweza kurudisha pumzi iliyozimwa na dawa za jamii ya tramadol. Kwa diazepam haifui dafu.

Hilo la "mimi si teja" lina nusu ya ukweli. Mtu aliyemeza dawa hizi kwa miezi, hata kwa kufuata cheti cha daktari neno kwa neno, mwili wake utazitegemea, na hilo peke yake halimfanyi mraibu. Madaktari watatu na pesa ya ada ndiyo nusu nyingine. Lakini usimrushie neno hilo. Nimeona wagonjwa wengi wakigeuka na kuondoka kaunta kwa sababu ya neno moja la mhudumu, wakaenda kununua mahali pasipoulizwa maswali.

Anachohitaji ni daktari mmoja anayejua kila kidonge, kutoka kwa wote watatu. Diazepam hupunguzwa kidogo kidogo, wiki hadi miezi, na ratiba hurefushwa mwili ukigoma. Kwa upande wa tramadol huenda akapunguziwa vivyo hivyo, au daktari akaona heri ambadilishie buprenofini au methadoni, dawa zinazotuliza arosto hiyo. Sasa sikia jambo ambalo familia husahau kwa furaha: akishaacha, mwili wake hauwezi tena kuhimili dozi ya zamani. Akiteleza siku moja na kumeza idadi ileile aliyoizoea, inaweza kumuua.

Simu za homa, acha. Akishindwa kwenda, apige mwenyewe.

Jumamosi usimwage chochote. Mngoje arudi, na uzungumze naye asubuhi akiwa ametulia, wala si siku vidonge vimekwisha. Mwambie kuhusu daftari. Mama yangu sikumtikisa kwa hotuba zangu zote za kifamasia. Alilainika mjukuu wake alipomuuliza kwa nini analala mchana.

Na binti yako? Usimgombeze, wala usimwambie baba amechoka tu. Mtoto anayeweza kutabiri siku mbaya hadanganyiki. Mwambie baba anaumwa, dawa zilizomtibu sasa zinamuumiza, yeye hakusababisha, na kazi ya kuhesabu kuanzia leo ni ya mama. Vidonge vihamie mahali penye kufuli, maana mkono unaohesabu siku moja unaweza kuonja. Kisha mwombe hilo daftari, ulibebe kwa daktari pamoja na maboksi, hata matupu. Mume wako atataja dozi anayoikumbuka au anayoionea aibu. Daktari ataanza na idadi za binti yako.