Kwa nini Nebula ya Kaa haijazimika
Umeuliza inakuwaje Nebula ya Kaa, wingu la gesi lililobaki baada ya nyota kulipuka, iwake hadi leo ilhali mlipuko wake ulionekana mwaka 1054. Ni kwamba mlipuko haulishi tena mwanga ule. Kinacholisha ni pulsa iliyobaki katikati, nyota ya nyutroni (kiini kilichoshindiliwa sana cha nyota iliyolipuka) inayozunguka karibu mara 30 kwa sekunde. Mzunguko huo unapungua kasi kidogo kidogo, na nishati inayopotea, zaidi ya mara 100,000 ya nguvu ya Jua, hutoka kama upepo wa elektroni, positroni (pacha wa elektroni wenye chaji chanya) na uga wa sumaku.

Upepo wenyewe karibu hauonekani. Unakimbia kwa kasi inayokaribia ya nuru mpaka ukutane na shinikizo la nebula, hapo unakwama ghafla. Mpaka huo wa mshtuko ndio ile pete ya ndani kwenye picha za Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani. Kuanzia hapo chembe hupinda njia kwenye uga wa sumaku na kutoa mnururisho wa sinkrotroni, yaani mwanga unaotolewa na chembe zenye kasi zinapopindwa hivyo, toka mawimbi ya redio hadi eksirei. Chembe zenye nishati kubwa huishiwa upesi kabla hazijafika mbali, ndiyo maana nebula ya eksirei ni ndogo kuliko ya redio (na kwa kuwa bado tunaiona eksirei hiyo, tunajua pulsa bado inalisha chembe mpya).

Miale mikali zaidi ya gama ina asili nyingine: elektroni hugonga fotoni (chembe za mwanga) hafifu na kuzipandisha nishati. Mwaka 2021 LHAASO, kituo cha kuchunguza miale ya gama nchini China, kiliripoti fotoni ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) kama trilioni 1,100 kutoka kwenye nebula hiyo.